Alama Nne za Vichwa

Ijumaa moja, baada ya sala ya adhuhuri, nilipokuwa nikikata njia kutoka Msimbazi kwenda Mtaa wa Sikukuu, nikijipenyeza baina ya mikokoteni yenye marobota ya vitenge na wachukuzi wanaopaza sauti wapishwe, nilimwona binti mmoja amepiga magoti juu ya baraza ya nyumba ya chini iliyobanwa na maghorofa mawili, kiganja chake kimekunjuliwa ukutani, akipima kwa shubiri, na kila baada ya shubiri tatu au nne akiandika tarakimu katika daftari alilolilaza juu ya kanga ili lisiingie vumbi. Kwa kuwa katika Kariakoo mtu apimaye nyumba ya chini aghalabu ni mthamini, na mthamini ni mtangulizi wa mnunuzi, na mnunuzi ni mtangulizi wa nyundo, nilisimama kwa huzuni nikamwuliza nyumba ile imeuzwa kwa nani.

"Haijauzwa, baba," akanijibu bila kuinuka. "Hii ni kazi ya Kunduchi."

Jibu hilo lilinifuata hadi nyumbani likaninyima usingizi, maana Kunduchi ni pwani ya kaskazini ya jiji hili, safari ndefu kwa daladala siku ya foleni, wala sikuweza kutambua ni kitu gani cha Kunduchi kiwezacho kupimwa ukutani Kariakoo. Kesho yake nikarudi, na kwa bahati njema nikamkuta tena, safari hii ameketi na mwenye nyumba, bibi wa makamo ya kupewa shikamoo na mtaa mzima, wakinywa chai ya tangawizi.

Binti huyo ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa usanifu wa miji. Jina lake aliniomba nilisitiri, nami nalisitiri pamoja na jina la chuo chake, maana kazi yenyewe bado haijatiwa alama na waalimu. Waliloamriwa darasani ni hili: kila mmoja abuni makazi mapya kando ya magofu ya Kunduchi, kwa sharti kwamba jiwe la kale lisiguswe, na kwamba magofu yasifanywe kisiwa kilichozungushiwa ukuta, pasipo jirani wa kuyatazama wala wa kuyaulizia hali.

Wasomaji wa jiji hili wanayajua magofu hayo, walau kwa safari moja ya shule: msikiti wa mwishoni mwa karne ya 15, makaburi ambayo mengi ni ya karne ya 18, nguzo zilizosimama katikati ya mibuyu, maandishi juu ya mawe, na sahani za kaure zilizovushwa bahari mbili hadi kufika kupachikwa katika chokaa, ziwe pambo la marehemu. Wenzake walianza kazi kwa kutafuta ramani. Yeye alianza kwa kuketi chini ya mbuyu asubuhi tatu mfululizo, akaona jambo ambalo, kwa maneno yake, lilimtia baridi.

"Pale tuna nyumba ya Mungu na tuna nyumba za maiti," alisema. "Nyumba za waliokuwa hai hatuzioni. Zilikuwa za miti na udongo, zimerudi ardhini. Sasa mimi naambiwa nijenge nyumba za watu mahali ambapo hakuna hata nyumba moja ya kuniongoza. Nimwulize nani? Nikasema, nitawauliza wajukuu zao."

Na wajukuu wa nyumba zile, kwa hesabu yake, wako Kariakoo. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi ukipita katikati kutoka barazani hadi uwani, ambako kuna jiko na choo na kamba ya nguo, ndiyo iliyoijaza Kariakoo tangu Wajerumani walipokata viwanja vyake kwa mistari iliyonyooka juu ya shamba, na Waingereza wakaacha huko jina la wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, jina ambalo vinywa vyetu vimelifanya kuwa letu kabisa. Nyumba hizo zinakwisha. Ndiyo sababu anapima kwa haraka.

Lakini hakuwa akipima vyumba, wala ukumbi, wala uwani. Alikuwa akipima madoa, na hapa namwomba msomaji anivumilie nikikawia, kwa sababu ni madoa hayo yaliyonifanya niandike.

Ukuta wa baraza ile umepakwa chokaa miaka nenda miaka rudi, na juu ya chokaa hiyo, kwa kimo cha mtu aliyeketi, pana alama nne za mviringo, rangi ya kahawa iliyozidishiwa maji, laini kwa kugusa kama ngozi ya ngoma ya zamani, ambazo hakuna fundi aliyezipaka. Ni athari ya vichwa. Ni mafuta ya nazi, na jasho la mchana wa Dar es Salaam, na kofia zilizovuliwa zikapakatwa, na visogo vilivyoegemea pale pale kila alasiri hadi ukuta ukavizoea. Alama ya kwanza na ya pili ziko shubiri tatu tu, yaani watu wawili walioketi bega kwa bega hali baraza ina nafasi tele. Kutoka ya pili hadi ya tatu ni shubiri nane. Zote tatu ziko shubiri nne juu ya sakafu, kasoro vidole viwili. Ya nne iko peke yake chini ya dirisha, na kimo chake ni shubiri tatu.

Bibi alizisoma kama mtu asomaye barua ya nduguye. Ile ya kwanza ni ya marehemu mumewe, na ya pili ni ya sahibu yake wa tangu ujana, waliobanana namna ile kwa kuwa sahibu alikuwa mzito wa sikio la kushoto naye hakupenda watu wajue, kwa hiyo mume akawa akikaa karibu ili asipaze sauti. Shubiri nane zile ni upana wa cherehani na mguu wa fundi aliyepanga sehemu hiyo ya baraza kwa miaka mingi, na alama ya tatu ni ya fundi mwenyewe alipopumzika. Ya nne hakuisoma.

"Hiyo siijui, mjukuu wangu," alimwambia binti. "Kila tukipaka chokaa, inarudi."

Huenda ni ya mtoto. Huenda ni ya mtu mzima aliyekaa juu ya mkeka, chini ya wenzake, kwa heshima au kwa kunyimwa heshima. Binti aliniuliza mimi, nami sikuwa na la kumjibu.

Kisha akanionyesha waraka mkubwa aliouchora kwa kalamu ya risasi. Upande wa kulia ni ukuta wa baraza ile na alama zake. Upande wa kushoto ni kaburi la Kunduchi, na juu yake vishimo vya mviringo ambamo sahani za kaure zilikaa kabla ya kung'olewa. Pande zote mbili zimechorwa kwa kipimo kimoja. Nilizitazama kwa muda mrefu, na nikiziweka mbali kidogo na macho sikuweza kusema mara moja upi ni ukuta wa walio hai na upi ni wa wafu. Zote mbili zilikuwa kuta zenye mahali palipoachwa wazi na kitu kilichoondoka.

Kutokana na waraka huo ndipo umezaliwa mji wake. Nyumba zake za Kunduchi zimepangwa kwa upinde, migongo yao barabarani na baraza zao magofuni, na baina ya baraza na kaburi la mbele ameacha hatua arobaini za mchanga na mibuyu, pasipo uzio, isipokuwa njia nyembamba ya watu wanaokuja kuzuru na ubani wao, kwa sababu pwani hii makaburi ya kale yana wageni hata leo, kama ajuavyo kila aliyefika Kaole kwenye kaburi la Sharifa. Kina cha baraza ni shubiri tano. Kimo chake ni shubiri mbili na nusu, ili nyayo za mzee zifike chini. Shubiri tatu kwa rafiki, nane kwa mwenye kazi yake ya mkono: vipimo vyote vya ukuta wa Kariakoo vimesafiri.

Wakosoaji wake darasani walimwuliza nani atalinda usiku ikiwa hakuna uzio. "Niliwaambia uzio hauna macho," alisema. "Kilwa Kisiwani watu wanaishi na magofu, mbuzi wao wanapita humo, watoto wanajua kila jiwe. Ukimwondoa mtu, jiwe linabaki na nani?"

Naafikiana naye, na zaidi ya hayo naona kwamba jiji letu lenyewe ni shahidi wake. Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar, alipoanza kujenga kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, kisha akafariki mwaka 1870, na nduguye Sayyid Barghash asiipende kazi ile, majumba yalianza kubomoka na nyasi zikaota ndani, hata Wajerumani walipokuja kuifanya Dar es Salaam makao makuu mwaka 1891 walikuta mji uliokwisha onja kuwa gofu. Boma la Kale linalosimama hadi leo mbele ya bandari ni masalio ya jaribio hilo la kwanza. Basi sisi sote tunaoishi katikati ya jiji ni watu wa makazi mapya miongoni mwa magofu, ila tumesahau.

Na sheria nayo imesahau kwa namna yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda majengo ya kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye husubiri Waziri ayatangaze. Kwa mstari huo makaburi ya Kunduchi yana mlinzi, na baraza ya bibi haina. Hata soko la Kariakoo alilolibuni Beda Amuli katika miaka ya 1970, lenye paa la miavuli mikubwa ya zege, ambalo mimi huliona kuwa baraza moja ya taifa zima, liliposhikwa na moto Julai 2021 tulililia zaidi kwa ajili ya bidhaa, na wenye bidhaa walikuwa na haki ya kulia.

Lakini nisimfiche msomaji kwamba mji wa binti una matatizo ambayo upendo wangu hauyatatui. Gumu kuliko yote ni choo. Penye vitu vya kale chini ya ardhi hapachimbwi shimo, hivyo nyumba zake zimekaa juu ya sakafu nene isiyozama, na maji machafu yote sharti yaende kwa bomba hadi mbali, na bomba ni fedha, na fedha hizo zikigawanywa kwa kila nyumba hazimwachi mvuvi wala mama wa kukaanga samaki wa Kunduchi aweze kupanga hata chumba kimoja. Nani basi atakaa barazani? Mwenye gari atakayenunua nyumba ile, je, ataketi alasiri akiyatazama makaburi, au atajenga uzio mwezi wa kwanza? Na katika jiji ambamo Novemba 2024 ghorofa la Kariakoo liliporomoka na kuchukua roho za watu zaidi ya 20, nani atamwambia mwenye kiwanja kwamba shubiri tano za mbele aziache zikaliwe bure na rafiki mwenye sikio zito?

"Sijui," alisema binti, na akalifunga daftari.

Wiki chache baadaye nilipita tena. Waraka ulikuwa umekwenda chuoni. Bibi aliniambia kwamba binti alimwachia nakala, akanionyesha, nami nikaona kwamba kwenye ukuta wa kila nyumba ya Kunduchi amechora mviringo mmoja wa vitone, shubiri tatu juu ya sakafu, bila maelezo. Ukuta wenyewe ulikuwa mweupe, umepakwa chokaa kwa ajili ya Idi. Mahali pa mume, pa sahibu na pa fundi palikuwa safi kabisa. Chini ya dirisha alama ya nne ilikwisha anza kurudi.