Tochi ya barabarani: kulinda roho au kukusanya faini?

Safari ya kwenda Tanga kwa ajili ya sikukuu ya Idd huanza kwa dua, lakini haifiki nusu ya njia kabla mazungumzo hayajageukia tochi. Gari linalotoka mbele humulika taa mara mbili. Baba aliyeshika usukani huelewa mara moja kwamba kuna askari. Hupunguza mwendo, hupita kwa adabu mbele ya mwenye tochi, na akishavuka kona hukanyaga mafuta tena. Hapo ndipo mtoto aliyeketi nyuma huuliza: “Baba, mbona tumekwenda polepole pale tu?”

Ni wazazi wachache wenye jibu la swali hilo. Wengi hujibu kwa manung'uniko: hawa wanatafuta fedha tu. Ndugu msomaji, makala haya yanalitazama neno hilo kwa uadilifu, kwa upande wa askari na kwa upande wetu sisi tunaoendesha.

Malalamiko yana msingi

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo cha mwendo katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa mabasi ya abiria na magari makubwa. Dereva wa gari anayezidisha hutozwa faini ya shilingi 30,000. Kwa familia nyingi, hicho ni chakula cha siku kadhaa. Uzito wa faini hiyo kwa watu wa kipato kidogo ulionekana hata na Serikali, ndiyo maana waendesha bodaboda na bajaji walipunguziwa hadi shilingi 10,000.

Wasafiri hawalalamikii kiasi peke yake. Wanasema askari hujificha nyuma ya mti, mahali ambapo hapana nyumba, shule wala kivuko. Wanasema kibao cha 50 kipo mwanzo wa kijiji, lakini cha kuonyesha mwisho wake hakipo, dereva asijue ni wapi ameruhusiwa kuongeza mwendo. Na wanasema wapo askari ambao, badala ya kuandika faini, humwachia dereva nafasi ya “kumalizana”. Askari mwenye kufanya hivyo hupoteza imani ya watu, na mtu asiyemwamini mlinzi wa sheria huanza kuidharau sheria yenyewe.

Mwendo nao unaua

Hata hivyo, tusiruhusu hasira ifiche ukweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya vifo tisa katika kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Tufanye hesabu ndogo. Mtoto anayetoka madrasa anakatiza barabara ghafla, mita 30 mbele ya gari. Dereva humchukua kama sekunde moja kung'amua na kukanyaga breki. Akiwa katika mwendo wa 50, gari litakuwa limekwenda karibu mita 14 katika sekunde hiyo, kisha litahitaji mita 14 nyingine kusimama, ikiwa breki ni nzima na lami ni kavu. Jumla ni mita 28. Mtoto atapata hofu, lakini atarudi kwao.

Sasa dereva huyohuyo awe katika mwendo wa 80. Sekunde ya kwanza peke yake imekula mita 22. Zimebaki mita nane za breki, nazo hazitoshi kwa lolote. Gari litamfikia mtoto likiwa bado na mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Kilomita 30 alizojiongezea dereva, ambazo mjini humwokolea dakika chache tu, ndizo zitakazomtoa roho mtoto wa mwenziwe.

Wanavyuoni waliliona mapema

Shaka ya kwamba faini inaweza kugeuzwa mradi si ngeni katika fikihi. Wanavyuoni walihitilafiana kuhusu adhabu ya taazir, yaani ile isiyowekewa kiwango na maandiko, kama inaweza kuwa ya kumtoza mtu mali. Wengi katika madhehebu walikataa. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim waliijuzisha. Imepokewa pia kutoka kwa Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, kwamba inafaa.

Lililo na mazingatio ni jinsi wafuasi wa madhehebu yake walivyoifafanua rai hiyo. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, ananukuu kwamba maana yake ni kuizuia mali ya mkosaji kwa muda ili akome, kisha arudishiwe. Si mtawala kuichukua iwe yake au ya Baitul-mal. Walichokihofia ni madhalimu kupata mlango wa kula mali za watu kwa jina la adhabu. Kipimo chao ni chepesi kukielewa: faini iwe ya kukomesha kosa, isiwe ya kulitegemea.

Uingereza nayo ilipitia mtihani huu. Mwaka 2000 ilianza kwa majaribio utaratibu ulioruhusu gharama za kamera za mwendo kurejeshwa kutokana na faini zenyewe. Wenye magari walilalamika kwamba kamera zimekuwa kitega uchumi. Kamera zilizosimikwa zikapakwa rangi ya manjano zionekane kwa mbali, na mwaka 2007 utaratibu huo wa fedha ukakomeshwa.

Tuna haki, basi, ya kuwauliza wenye mamlaka maswali matatu. Je, tochi imewekwa penye shule, soko na kivuko, au penye mteremko mtupu? Je, vibao vinaonekana, cha kuanza na cha kumaliza? Na je, askari husifiwa kwa wingi wa faini alizoandika, au kwa uchache wa maiti waliookotwa katika eneo lake?

Haki ya njia

Lakini nia mbaya ya askari, hata ikithibiti, haimwondolei dereva wajibu wake. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha maswahaba wanaokaa njiani waipe njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo akataja kuzuia maudhi. Ikiwa aliyeketi tu kando ya njia anadaiwa haki hiyo, vipi aliyeshika chombo cha tani nzima ya chuma? Na anayetoa noti ili asiandikiwe akumbuke kwamba laana ya rushwa imewataja wote wawili, mtoaji na mpokeaji.

Tuitazame upya hata ile desturi ya kumulikiana taa. Tunadhani tunasaidiana katika wema. Aliyemulikiwa ameokoa shilingi 30,000, lakini mtoto wa kijiji kinachofuata, ambapo hapana askari, hakuna aliyemwonya kwamba gari limeongeza mwendo.

Basi siku mwanao atakapokuuliza kwa nini mmekwenda polepole pale tu, usimlaumu trafiki. Mwambie umekosea, kisha mpite kijiji kinachofuata kwa 50, askari awepo au asiwepo. Watoto hujifunza uendeshaji wakiwa kiti cha nyuma, miaka mingi kabla ya kupata leseni.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu na awarejeshe salama kwa familia zao. Amin.