Mafua ya mtoto hayaponi kwa vidonge vya rangi mbili, sababu hii hapa

NI hali inayojirudia katika nyumba nyingi. Mtoto anarudi kutoka shule akipiga chafya, kamasi zinamtoka na jioni mwili unachemka. Mama anafungua kabati, anakuta vidonge vya rangi mbili alivyobakiza baba alipougua kidonda mwezi uliopita. Mtoto anapewa. Baada ya siku chache mafua yanaisha na sifa zote zinakwenda kwa dawa.

Dawa ile haikuyagusa mafua. Yangekwisha yenyewe. Sababu imeandikwa kwenye daftari la sayansi la mtoto huyohuyo, katika somo la bakteria na virusi, ambalo wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani tu.

Bakteria anajitegemea

Bakteria ni kiumbe hai chenye seli moja. Ana ukuta unaomlinda, ana vinasaba vyake na ana mitambo yake midogo ya kutengeneza protini. Anakula, anatoa taka na anazaliana kwa kujigawa mara mbili.

Bakteria aina ya E. coli, anayeishi kwenye utumbo, akipata chakula na joto linalomfaa anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20. Akianza mmoja saa 12 jioni, kufika saa 7 usiku wanaweza kuwa zaidi ya milioni mbili. Ndiyo maana chakula kilicholala nje hakiaminiki, hata kama hakijatoa harufu.

Si wote wabaya. Wapo wanaogandisha maziwa yakawa mtindi, na wapo wanaosaidia kazi ndani ya utumbo. Wabaya ni kama wale wanaosababisha kifua kikuu, kipindupindu, homa ya matumbo na pepopunda.

Kirusi ni mpishi asiye na jiko

Kirusi si seli. Ni vinasaba vilivyofungwa ndani ya ganda la protini, na baadhi huongezewa utando wa mafuta kwa nje. Hakili, hakipumui, wala hakijigawi.

Mfikirie mpishi mwenye karatasi ya maelekezo ya pilau lakini hana sufuria, mchele wala moto. Peke yake hapiki chochote. Akiingia jikoni kwa mtu, anatumia vyombo vya mwenye nyumba. Kirusi nacho huingia ndani ya seli ya binadamu na kuifanya itengeneze nakala zake, kisha nakala hizo huvamia seli nyingine.

Hivyo ndivyo yanavyoanza mafua, surua, polio, kichaa cha mbwa na Uviko-19. Virusi vya Ukimwi hushambulia seli nyeupe aina ya CD4, ambazo ni askari wa mwili.

Kwa ukubwa, ukipanga virusi 10 vya Uviko-19 kwenye mstari, utapata karibu sehemu moja ya elfu ya milimita, ambao ni urefu wa bakteria mdogo. Hadubini nzuri ya shule inaweza kumwonyesha bakteria, lakini si virusi hivyo.

Dawa inapokosa pa kushika

Mwaka 1928 jijini London, Alexander Fleming aligundua penisilini, dawa inayomzuia bakteria kujenga ukuta wake. Ukuta ukidhoofika, bakteria hupasuka. Antibiotiki nyingine huziba mitambo yake ya protini.

Kirusi hakina ukuta huo wala mitambo hiyo. Kukipiga kwa antibiotiki ni sawa na kumkatia maji mtu asiye na bomba.

Baadhi ya virusi vina dawa zake, mfano ARV, ambazo huzuia virusi vya Ukimwi kuongezeka. Kwa vingi, kazi hufanywa na kinga ya mwili, nayo husaidiwa na chanjo. Nchini Tanzania, chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na 18.

Hasara ya kubahatisha

Vidonge vile havipiti mwilini bure. Vinaua bakteria dhaifu na kuwaacha wenye uwezo wa kuihimili dawa, nao huzaliana. Siku mtoto akipata nimonia ya bakteria kweli, dawa ileile inaweza kugonga mwamba. Fleming mwenyewe alionya kuhusu usugu huo mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel.

Kwa mafua ya kawaida, mtoto apumzike, anywe vitu vya maji kwa wingi na anawe mikono kwa sabuni. Homa nayo isikisiwe. Malaria haitokani na bakteria wala virusi, bali vimelea vinavyoenezwa na mbu, na hujulikana kwa kipimo.

Akipumua haraka, kifua kikibonyea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au akipata degedege, awahishwe kituo cha afya. Mtaalamu akiandika antibiotiki, dozi itumike kama alivyoelekeza, na isibaki ya kuwekewa mgonjwa mwingine kabatini.

Leo jioni, mwombe mwanao afungue daftari lake na akueleze kwa nini kirusi hakiogopi penisilini. Akiweza kukueleza wewe, hata mtihani hautamsumbua.