Vigezo ni Vipi, na Masharti ni Yapi?

Kijana mmoja jirani yetu, mwendesha bodaboda, alitujia nyumbani Jumapili baada ya ibada akiwa na karatasi nne zilizokunjwa katika mfuko wa shati. Akatuamkia, "Shikamoo, mzee," akaketi, akazinyoosha karatasi zile juu ya goti. Pikipiki yake, aliyoichukua kwa mkopo na kuilipia miezi minane, ilikuwa imetwaliwa siku ya Ijumaa na kampuni iliyomkopesha. Lakini swali lake halikuwa juu ya fedha. "Mzee," alisema, "tangazo lao lilisema vigezo na masharti kuzingatiwa. Mimi vigezo nilivitimiza vyote. Kitambulisho nilikuwa nacho, leseni nilikuwa nayo, wadhamini wawili nilileta. Sasa nimekosa nini?"

Tulizisoma karatasi zile. Katika ya nne, kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha, iliandikwa kwamba mkopaji akichelewa kulipa siku tatu chombo chaweza kuchukuliwa, na fedha alizokwisha kulipa hazirudishwi. Kijana alikuwa amelala na malaria siku tano.

Maneno hayo ya "vigezo na masharti" twayasikia kila siku redioni. Mtangazaji husifu bidhaa kwa sauti ya taratibu, kisha mwishoni hukimbia kama mtu aliyeona mvua. Yameingia hata katika mazungumzo: mtu akialikwa harusini hujibu kwamba atafika, vigezo na masharti kuzingatiwa, na watu hucheka. Yamekuwa kiitikio tu, ambacho hakuna akisikilizaye.

Asili yake ni Kiingereza. Waingereza husema "terms and conditions", na maneno hayo mawili huenda pamoja kama ng'ombe wa jembe: hakuna asemaye "conditions and terms". Katika matangazo huandika "terms and conditions apply", maana yake kwamba yako masharti yanayohusika. Katika fomu, mtu hutakiwa kutia alama mbele ya sentensi isemayo kwamba ameyakubali. Mwajiriwa naye huelezwa "terms and conditions" za kazi yake, yaani mshahara, saa za kazi, likizo na mengineyo. Sisi tuliosoma shule za misheni tulilijua neno "term" kwanza kwa maana ya muhula, na "condition" kwa maana ya hali. Tulipoliona tangazo la kwanza la namna hiyo tulidhani ni habari za kufungua shule.

Kwa Mwingereza wa kawaida, maneno hayo mawili ni jambo moja. Hamwulizi mwenye duka zipi ni "terms" na zipi ni "conditions". Wanasheria wao ndio wanaotofautisha, tena kwa njia nyingine kabisa: kila kifungu cha mkataba ni "term", na kile kilicho kizito hata kikivunjwa upande wa pili waweza kuuvunja mkataba wote, hicho huitwa "condition". Kilicho chepesi, ambacho kikivunjwa huleta fidia tu, huitwa "warranty". Mgawanyo huo uliwekwa katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893, na sheria za Kenya na Tanzania za jina hilo ziliufuata. Basi hata kwa wakili, neno la pili limo ndani ya la kwanza. Si kitu kingine kando yake.

Kwa nini basi kusema mawili? Wanormani waliitwaa Uingereza mwaka 1066, na kwa muda mrefu mahakama zilisema Kifaransa hali watu wakisema Kiingereza. Hata sheria ya mwaka 1362, iliyoagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza, haikuwaondolea makarani Kifaransa chao. Ndipo zilipositawi jozi kama "will and testament", neno moja la wenyeji na moja la wageni kwa jambo lile lile. "Terms" na "conditions" zote mbili zilipitia Kifaransa, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumfasiria mtu. Tabia ilikwisha kuota mizizi.

Wala tusiwacheke. Sisi husema "mila na desturi", la kwanza asili yake Kiarabu, la pili Kiajemi, na ni wachache wawezao kueleza mila inakomea wapi na desturi inaanzia wapi. Husema salama salimini, na raha mustarehe. Maneno hayo hupendeza masikioni na hayamdhuru mtu, kwa sababu hakuna apokonywaye pikipiki kwa ajili ya raha mustarehe.

Lakini aliyefasiri "terms" kuwa "vigezo" alifanya jambo ambalo huenda hakulikusudia. Kigezo ni kipimo, au kielelezo cha kufuatisha: fundi nguo hukata kitambaa kwa kigezo. Kwa hiyo mtu asikiapo "vigezo" hufikiri sifa zinazotakiwa ili akubaliwe, kama umri, kitambulisho na wadhamini. Asikiapo "masharti" hufikiri jambo jingine. Mgawanyo ambao Mwingereza hakuwa nao umezaliwa katika tafsiri, na kijana wetu aliushika kwa akili timamu: vigezo ni vya mlangoni, naye mlangoni alikwisha kupita. Tena, waliosoma chuoni watatuambia kwamba masharti ya swala, kama udhu, ni yale yanayoitangulia, na yaliyomo ndani yake huitwa nguzo. Kwa aliyelelewa na elimu hiyo, hata masharti ni mambo ya mlangoni. Maneno yote mawili yanamwelekeza kizingitini, wala hakuna hata moja linalomwambia kwamba akichelewa siku tatu chombo kitaondoka.

Na "kuzingatiwa" je? Kuzingatiwa na nani, na lini? Kiingereza kilisema masharti yanahusika. Kiswahili hiki hakisemi kama yanahusika, au kama mtu fulani anaamriwa ayashike. Mwalimu wetu wa insha angalitia wino mwekundu. Wino huo huo ulitajwa na Jaji Denning wa Uingereza mwaka 1956, aliposema kwamba viko vifungu vikali mno hata vingestahili kuchapwa kwa rangi nyekundu, na mkono mwekundu uchorwe kuvielekezea.

Alikuwa na sababu. Mwaka 1877 mahakama ya rufani ya London ilisikiliza shauri la Bwana Parker, aliyeacha mkoba katika chumba cha kuhifadhia mizigo cha stesheni ya Charing Cross akapewa tikiti iliyosema atazame nyuma. Nyuma iliandikwa kwamba kampuni ya reli haitawajibika kwa mzigo uzidio pauni 10. Mkoba ukapotea, na thamani yake ilikuwa pauni 24 na shilingi 10. Mahakama ilirudisha shauri lisikilizwe upya, ikasema yapasa kuulizwa kama kampuni ilifanya ya kutosha kumjulisha mteja. Hapo palikuwa na nafuu. Lakini mwaka 1934 Bibi L'Estrange, mwenye mkahawa huko Llandudno, alishindwa. Alinunua mashine ya kuuzia sigara, ikawa mbovu, na karatasi aliyoitia sahihi ilikuwa na kifungu cha herufi ndogo kilichomwondolea kinga za mnunuzi. Ikaamuliwa kwamba aliyetia sahihi amefungwa, awe amesoma au hakusoma. Kijana wetu naye alitia sahihi.

Kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wafasiri watakutana na jozi hizi kila ukurasa. "Null and void", maneno yaliyotumiwa na Mahakama ya Juu ya Kenya tarehe 1 Septemba 2017 ilipotengua matokeo ya uchaguzi wa rais, yatoshwa na neno moja, batili. Vivyo hivyo "terms and conditions" ni masharti ya mkataba, basi. Na tangazo liseme, "Yako masharti, yasome kabla ya kutia sahihi," kisha lile linalouma litajwe kwa jina. Wenye kampuni watajibu kwamba muda wa redioni ni ghali. Ni kweli, lakini walipata nafasi ya kuimba wimbo mzima juu ya pikipiki.

Tulimwandikia kijana barua ya kuomba apewe siku 14 alipe malimbikizo, tukamwelekeza pia kwa mawakili wa msaada wa kisheria. Alipofika mlangoni aligeuka, akauliza kama katika barua tumeandika vigezo au masharti. Tukamwambia tumeandika siku tatu.