Unesi au Uongozi wa Hospitali: Shahada Ipi Itangulie?

Kila msimu wa kuomba vyuo hapa Marekani unapokaribia, swali huwa lile lile, kwa vijana na kwa wazazi wao: nisome unesi au nisome uongozi wa hospitali? Mwaka huu limekuja kwa uchungu zaidi kwa sababu ya yaliyomkuta dada mmoja wa jumuiya yetu ya wahamiaji, ambaye ameniruhusu niyaandike bila kumtaja jina.

Dada huyu alikuwa CNA, yaani msaidizi wa unesi, katika nyumba ya wazee. Mgongo ulishaanza kumsumbua, na kila alipofikiria anatomia, kemia na mikrobiolojia zinazotangulia unesi, alikata tamaa. Chuo kimoja cha mtandaoni kikampigia simu, tena na tena: njoo usome shahada ya uongozi wa huduma za afya, hakuna kemia, hakuna mtihani wa kuingilia, unasoma usiku ukitoka zamu. Akasoma, akahitimu, tukamfanyia sherehe. Leo anakaa dirisha la usajili la idara ya dharura. Anapokea kadi ya bima, anachapa mkanda wa mkononi, anamwambia mgonjwa aketi asubiri kuitwa. Mshahara wake haujaupita sana ule wa u-CNA. Alipoamua kurudi kwenye unesi, chuo cha jamii kikamkubali. Akafungua ukurasa wake wa misaada ya masomo, akakuta mstari wa ruzuku ya Pell umeandikwa sifuri.

Hapo ndipo watu wetu wanaponaswa, na si yeye peke yake. Ruzuku ya Pell, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–26 hufikia dola 7,395 na hairudishwi, ni ya mtu ambaye hajapata shahada ya kwanza. Ukishaipata, hata iwe ya fani gani, ruzuku imekwisha, isipokuwa kwa kozi chache, zikiwemo baadhi za ualimu. Tena ina ukomo wa maisha: sawa na mihula 12 ya masomo ya kutwa. Mikopo ya serikali kuu nayo ina kikomo. Mwanafunzi anayejitegemea hakopeshwi zaidi ya dola 57,500 kwa masomo yote ya ngazi ya shahada ya kwanza, kwa hiyo ulichokopa kwa ajili ya uongozi kinapunguza utakachokopeshwa kwa ajili ya unesi.

Waliokuja na shahada kutoka nyumbani wasikilize pia. Shahada ya Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu kwa kawaida huhesabiwa kuwa shahada, hata kama hapa hakuna mwajiri aliyewahi kuitazama. Wako wanaoshauriana kwenye makundi ya WhatsApp kwamba mtu akijaza FAFSA, fomu ya kuomba misaada ya serikali kuu, aseme hana shahada. Usifanye hivyo. Adhabu ya kudanganya kwa makusudi kwenye fomu hiyo ni faini inayoweza kufika dola 20,000, au kifungo, au vyote viwili, na kwa mtu ambaye bado hajapata uraia, rekodi ya udanganyifu ni mzigo atakaoubeba hadi ofisi za uhamiaji.

Kanuni hizi zimeandikwa, mtu akijua pa kuzitafuta. Kinachoniudhi ni kwamba hakuna afisa anayewajibika kumweleza mama anayefanya zamu mbili, kwa lugha anayoielewa, kabla hajasaini. Chuo kinachotaka ada yake hakina haraka ya kumwambia kwamba shahada hiyo itamfungia nyingine. Ofisi ya misaada inamjibu kwa aya moja ya barua pepe, mambo yakishaharibika.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Unesi una leseni. Ukimaliza chuo kilichoidhinishwa na bodi ya unesi ya jimbo na kufaulu mtihani wa leseni wa NCLEX, wewe ni RN, yaani nesi aliyesajiliwa, na mwajiri hakuulizi baba yako ni nani. Uongozi wa hospitali hauna leseni ya namna hiyo. Thamani ya shahada yake inatokana na uzoefu ulionao na watu wanaokufahamu ndani ya hospitali, na hivyo viwili ndivyo mgeni anavyovikosa. Wengi wanaokalia viti vikubwa walisoma shahada ya uzamili, wakapitia mwaka mmoja au miwili ya mafunzo chini ya wakurugenzi, au walianza wodini wakapanda: msimamizi wa zamu, meneja wa wodi, mkurugenzi wa unesi.

Ndiyo maana nawaomba msiwe wepesi kushawishiwa na takwimu za mishahara. Wizara ya Kazi ilionyesha Mei 2024 kwamba mshahara wa katikati wa RN ulikuwa dola 93,600 kwa mwaka, na wa mameneja wa huduma za afya dola 117,960. Chuo kinakuonyesha hiyo namba ya pili na kunyamaza. Ndani yake wamo manesi waliofanya kazi miaka mingi kabla ya kupewa idara. Hiyo haikuwa namba ya mhitimu wa mwaka jana asiye na uzoefu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayevutwa na vyote viwili ni kuanza na unesi, na kuanza na stashahada ya unesi ya miaka miwili ya chuo cha jamii. Stashahada si shahada ya kwanza, kwa hiyo Pell inabaki wazi. Ukiwa RN tayari, unaweza kumalizia shahada ya unesi mtandaoni huku unafanya kazi, na waajiri wengi huchangia ada. Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri kulipa hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi. Ukitaka ofisi baada ya hapo, nenda kasome uzamili wa uongozi, katika programu yenye ithibati ya CAHME, tume inayothibitisha programu za uongozi wa afya, ukiwa na leseni na watu wanaokujua. Nafasi za vyuo vya jamii ni chache na foleni ni ndefu, hilo ni kweli. Omba vyuo zaidi ya kimoja, na usome kemia wakati unasubiri.

Wapo wanaofaa kwenda uongozi moja kwa moja. Mtu aliyesoma uhasibu au kompyuta, au asiyeweza kabisa kukaa na damu na vidonda, asijilazimishe. Wagonjwa watalipia kosa hilo. Na kuna njia ambayo watu wetu hawaizungumzii, wakati wengi wao wamezeekea kazini ndani ya nyumba za wazee: kuwa msimamizi wa nyumba hizo. Huyo lazima awe na leseni. Kuna mtihani wa taifa unaosimamiwa na NAB, muungano wa bodi zinazotoa leseni hizo, na kwa kawaida kipindi cha mafunzo kazini chini ya msimamizi mwenye leseni. Kila jimbo lina masharti yake ya elimu na saa, kwa hiyo soma ya jimbo lako, usisome ya binamu yako aliye jimbo jingine.

Ninyi kinamama na kinababa mliokuwa manesi nyumbani, pamoja na wale wa Kongo wenye diploma ya unesi ya A1, msikimbilie shahada mpya kabla vyeti vyenu havijatathminiwa. Ni kazi ya kuchosha. Chuo chako cha zamani kinatakiwa kutuma nakala za matokeo chenyewe, na karatasi za Kifaransa zinahitaji tafsiri. Ila ukikubaliwa kufanya NCLEX, umejiokolea miaka.

Na anayekuuzia njia ya mkato mkatae. Januari 2023 serikali kuu ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kuhusu shule tatu za Florida zilizotoa zaidi ya diploma 7,600 za unesi za uongo. Maelfu walizitumia, wakafanya mtihani, na wengine walikuwa tayari kazini bodi za majimbo zilipoanza kufuta leseni. Kabla ya kulipa, tazama orodha ya shule zilizoidhinishwa kwenye tovuti ya bodi ya jimbo lako.

Na wewe uliye katikati ya shahada ya uongozi huku moyo wako uko kwenye unesi, nenda ofisi ya misaada wiki hii. Waulize umeshatumia kiasi gani cha Pell, na uombe jibu kwa maandishi. Ukishatimiza masharti ya kuhitimu, hakuna ofisi itakayoweza kukurudishia.