Sambusa za nyama zisivuke Dover

Tukichangishana kukodi gari la kulala ndani, tutoke Birmingham tukatembee Ufaransa, wengi wetu tunapika kabisa nyumbani ili tusile hotelini. Hesabu ni nzuri, ila angalia unabeba nini, la sivyo pesa yako itaishia kwenye pipa la forodha.

Tangu Januari 2021, nyama na maziwa kutoka Uingereza haviingii nchi za Umoja wa Ulaya, hata viwe vya kula njiani. Mwezi huohuo maofisa wa Uholanzi waliwanyang'anya madereva mpaka mikate yenye nyama. Kwa hiyo sambusa za nyama, pilau ya kuku na maziwa ya chai, malizeni kabla ya kupanda meli. Chapati, mchele, ndizi na dagaa wakavu (mwisho kilo 20 kwa mtu) vinapita. Nyama mtanunua Calais.

Ila msinunue ya kurudi nayo. Tangu 12 Aprili 2025, nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, pamoja na maziwa na jibini, haviruhusiwi kutoka Ulaya. Vitachukuliwa, na kosa kubwa faini yake hufika pauni 5,000. Hiyo ni ada ya watoto nyumbani.