Adui Anayenyemelea Macho: Wataalamu Wanasemaje?

Askari awapo lindoni usiku, macho yake ndiyo silaha ya kwanza. Mama naye, achaguapo mchele au atiapo uzi sindanoni, huyategemea vivyo hivyo. Lakini, ndugu msomaji, ni wangapi kati yetu tuliokwenda kupimwa macho hali hayatuumi?

Wako watu walioifanya hifadhi ya macho kuwa kazi ya maisha yao. Mwaka 1928, mjini Washington, Marekani, madaktari wa macho 73 waliunda chama cha utafiti ambacho leo hujulikana kwa kifupi kama ARVO. Chama hicho huitisha mkutano wa kimataifa kila mwaka. Kwa miaka mingi, hadi 2012, ulifanyika Fort Lauderdale, katika jimbo la Florida. Baadaye ukawa unahama kutoka mji hadi mji, na mwaka 2019 ulifikia Vancouver, Kanada.

Pamoja na hotuba, ukumbini husimamishwa mabango mengi yenye matokeo ya utafiti, na kando ya bango husimama mtafiti aliyelitayarisha. Wenzake hupita, husoma, huuliza na kukosoa. Hata profesa mashuhuri huweza kuulizwa na kijana mwanafunzi, "Umejuaje?" naye hana budi kujibu. Hivyo elimu hupepetwa kama mchele katika ungo kabla ya kuwafikia wagonjwa.

Miongoni mwa maradhi yanayojadiliwa sana humo ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka daima. Njia ya kutokea ikizibana, shinikizo hupanda na kuudhuru mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mara nyingi hakuna maumivu. Kuona kwa pembeni hupungua polepole huku kuona kwa mbele kukibaki kuzuri, hata mwenyewe asitambue. Baba hujikwaa kwenye kigoda, akamgombeza mtoto aliyekiacha njiani. Kumbe kosa si la mtoto. Mtoto wa jicho huweza kuondolewa kwa upasuaji na mgonjwa akaona tena, lakini kuona kulikopotea kwa glakoma hakurudi.

Jambo hili latuhusu sana, kwa kuwa watu wenye asili ya Kiafrika hupatwa na glakoma zaidi. Mwaka 2000 jarida la chama hichohicho lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Kongwa, nchini Tanzania, mahali palipokuwa na kambi za wapigania uhuru katika miaka ya 1960. Watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipimwa, na kiasi cha wanne katika kila mia walikuwa na glakoma. Basi tukipanga gwaride la watu wazima mia wa umri huo, wanne hunyemelewa na adui huyu.

Je, adui huyu hazuiliki? Huzuilika. Huko Marekani watu 1,636 waliokuwa na shinikizo kubwa la jicho, lakini hawajadhurika bado, walifuatiliwa kwa miaka mitano. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa kati ya waliotumia dawa ya matone, asilimia 4.4 walipata glakoma. Kati ya wasiotumia, asilimia 9.5.

Hata hivyo matone hugharimu fedha, nayo hutiwa kila siku maisha yote. Kwa hiyo madaktari wa hospitali ya KCMC, mjini Moshi, pamoja na wenzao wa ng'ambo, walilinganisha matone ya timololi na tiba ya mwanga wa leza, ambayo husaidia maji ya jicho kutoka. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja tiba ilifaulu katika macho 61 kwa kila 100 yaliyotibiwa kwa leza, na 31 kwa kila 100 yaliyotiwa matone.

Tufanye nini nyumbani? Kila aliyefikia miaka 40, hasa mwenye mzazi au ndugu aliyepatwa na glakoma, aende kupimwa shinikizo la jicho na kuangaliwa mshipa wa fahamu. Aliyepewa matone asiyaache bila shauri la daktari, hata ajionapo mzima. Wala tusitie machoni maji ya mitishamba.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta huu ukianguka, haujengeki tena.