Nani Anaiba Maji Yetu? Tuoshe Tope Kwanza



Siku mradi wa maji unapofunguliwa, watu huimba na kupiga vigelegele. Miaka kumi ikipita, mama anakaa foleni asubuhi nzima akingoja mtungi mmoja ujae. Hapo maneno huanza. Wa chini husema wa juu wanaiba maji. Wa juu husema chemchemi imekauka. Tulitembelea kikundi kimoja ambapo watu walikuwa wamefikia kutishiana kukata bomba. Tulipopanda pamoja nao hadi kwenye chemchemi, tulikuta maji tele. Mwizi hakuwa mtu. Mwizi alikuwa tope ndani ya bomba.

TOPE HUTOKA WAPI?

Maji ya chemchemi au ya mto huja na mchanga na udongo, hasa wakati wa mvua. Yakienda polepole, uchafu huo hutulia, kama majani ya chai yanavyotulia chini ya sufuria. Hutulia katika tangi, na pia pale bomba linaposhuka bondeni kabla ya kupanda tena. Mabomba ya chuma ya zamani huongeza kutu. Ndiyo maana maji ya kwanza asubuhi huwa mekundu. Bomba la plastiki halishiki kutu, lakini mchanga hulala ndani yake vilevile.

Fikirini hivi: bomba la inchi 2 likibaki na nafasi ya inchi 1, njia ya maji haikupungua nusu. Imebaki robo tu!

PIMENI KABLA YA KULAUMIANA

Chukueni mtungi wa lita 20 na saa. Ukijaa kwa dakika moja, mnapata lita 20 kwa dakika. Pimeni pale maji yanapoingia tangini, kisha pimeni kwenye mifereji huku mingine yote imefungwa. Andikeni katika daftari la kikundi. Kama tangini yanaingia mengi na mferejini yanatoka kidogo, na hakuna mahali panapovuja, basi bomba limebanwa.

JINSI YA KUOSHA

1. Tangazeni siku mbili mapema ili kila nyumba iweke akiba ya maji.

2. Safisheni chujio pale maji yanapoingilia bomba.

3. Fungeni valvu ya kupeleka maji kijijini, ndipo mtoe tope la tangi kupitia bomba lake la chini. Mkisahau kufunga, tope lote litateremka kwenye mabomba. Sugueni kuta kwa brashi na maji safi, bila sabuni.

4. Jazeni tangi. Fungeni mifereji yote. Sasa fungueni valvu za kutolea tope, zile zilizo mabondeni, moja baada ya nyingine, mkianza ya juu na kushuka. Fungueni kabisa, kwa maana maji ya polepole hayabebi mchanga. Acheni yatoke mpaka yawe meupe. Wakati wa kufunga, fungeni polepole, la sivyo maji hugonga kwa nguvu na kupasua maungio. Msisimame mbele ya mdomo wa bomba, na watoto wakae mbali.

5. Tieni dawa ya klorini. Kwa kila lita 1,000 za maji tangini, gramu 75 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 zinatosha. Koroga unga ndani ya ndoo ya plastiki yenye maji, nje ya tangi, mkilinda macho na mikono. Mkiisha kuumimina tangini, uacheni siku nzima, na mtu asinywe. Halafu mwageni maji hayo mbali na mto na mimea, na msafishe tena kwa maji mapya.

6. Pimeni tena kwa mtungi uleule, mwandike.

Kama bomba halina valvu ya kutolea tope, fundi aweke moja mahali pa chini kabisa, na maji yaelekezwe pasipobomoa shamba la mtu. Kama mmeosha na maji bado ni kidogo, tazameni vilimani, kwa kuwa hewa iliyonaswa huko pia huzuia maji.

ONYO MBILI

Ya kwanza ni ya uhai. Tangi lililofunikwa linaweza kukosa hewa nzuri, na mtu akazimia bila kupiga kelele. Fungueni vifuniko mapema hewa ipite. Anayeingia afungwe kamba, na watu wawili wabaki nje wakimwangalia. Akianguka, avutwe kwa kamba. Mwingine asirukie ndani kumwokoa, maana hivyo ndivyo wawili hufa badala ya mmoja. Na kamwe msiteremshe pampu ya petroli ndani ya tangi. Moshi wake unaua.

Ya pili ni ya mfuko. Katika bomba la chuma lililozeeka sana, kutu yenyewe huwa imeziba matundu madogo. Mkiosha, huenda mkaona linavuja. Kuosha hakukuliharibu, kumefichua tu. Wekeni akiba kidogo ya matengenezo kabla ya kuanza.

Tunashauri kamati imchague mtu wa kutunza bomba, naye apewe kitu kidogo kila mwezi. Asafishe chujio baada ya kila mvua kubwa, afungue valvu za mabondeni kila mwezi wakati wa mvua, na tangi lioshwe angalau mara moja kwa mwaka. Jina lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, maana kazi ya wote bila jina huwa si kazi ya yeyote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.